Jinsi ya kuandaa wikendi ya kutazama ndege Watamu na Arabuko-Sokoke: anza na maji, ratiba itafuata

Kila mwaka ikikaribia Oktoba naanza kuulizwa maswali yale yale. Mwalimu ana klabu ya mazingira shuleni, kijana ana kikundi chake mtaani, au mtu tu amependa ndege na ana marafiki kumi na tano wanataka kuja pwani wikendi moja, watembee msituni, waone ndege wa baharini, wasikilize mada mbili tatu, na hajui aanzie wapi. Nimechoka kuandika majibu vipande vipande kwenye WhatsApp kwa hivyo naweka yote hapa. Nazungumzia Watamu, Gede na Malindi maana ndo huku nimeshika mkutano wa namna hii mara kadhaa, na sioni sehemu nyingine ya pwani ya Kenya ambapo ndani ya mwendo mfupi wa gari unapata msitu mkubwa (Arabuko-Sokoke), hori yenye mikoko (Mida), na mdomo wa mto (Sabaki).

Niseme kabla hatujaenda mbali: kosa kubwa la wanaoanza ni kupanga ratiba kama ya semina. Saa mbili ufunguzi, saa nne chai, saa tano matembezi. Ndege wa msituni saa tano wamenyamaza kabisa, jua la pwani limewaka, utatembea masaa mawili na kurudi umeona njiwa. Na ndege wa Mida wanafuata maji, hawafuati saa yako. Ukikubali hilo moja tu, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatangaza chochote

- Tarehe iliyochaguliwa kwa maji (hatua ya 1, isome vizuri)
- Waongozaji wenyeji waliothibitisha, mmoja kwa kila watu 8 au chini ya hapo
- Darubini, angalau moja kwa watu wawili. Ukubwa wa 8x42 (inakuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) unatosha mtu yeyote. Zile za 20x za dukani zinatetemeka mkononi, mgeni atakata tamaa mapema
- Teleskopu moja yenye miguu mitatu. Msituni haina kazi sana lakini Mida bila hiyo utateseka
- Vitabu vya picha za ndege viwili vitatu, au programu kwenye simu iliyopakuliwa ukiwa na intaneti nzuri
- Mahali pa kulala na pa kukaa wote mkazungumza, penye ukuta mweupe wa projekta
- Usafiri wa uhakika alfajiri. Matatu ya barabarani usiitegemee saa kumi na moja asubuhi
- Sanduku la huduma ya kwanza na maji ya kunywa ya kutosha, lita mbili kwa kila mtu kwa siku sio nyingi
- Mweka hazina ambaye sio wewe

Hatua ya 1: Chagua wikendi kwa kuangalia mwezi wa angani

Hapa ndo naomba utulie. Wavuvi wote wanajua hili lakini watu wa bara na hata sisi tuliokulia mjini tunalisahau. Kuna siku za bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, nazo ziko karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kuna siku za maji mafu, katikati hapo, maji yanasogea kidogo tu. Pwani yetu wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50.

Sasa linganisha na siku ya mtazama ndege. Alfajiri unataka msitu. Mchana jua kali, unataka kivuli na mada. Alasiri unataka Mida maji yakiwa yanaingia, maana yakiingia yanafunika matope polepole na ndege wanasogezwa mpaka karibu na mahali uliposimama. Kwenye bamvua yote matatu yanakaa mahali pake yenyewe, hata huna haja ya kusukuma kitu. Kwa hivyo chukua tarehe za kalenda ya mwezi wa angani (ile ya Kiislamu), tafuta Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe 14 na 17, au kati ya 29 na 3, halafu hakikisha na jedwali la maji la Mombasa au la Malindi, linapatikana bure kwenye simu. Kumbuka ndani ya hori maji yanachelewa kidogo kuliko bahari ya nje kwa hivyo muulize mwenyeji wa Mida saa kamili.

Mkutano wangu wa kwanza sikufanya hivi. Nilipeleka watu ishirini Mida saa tatu na nusu asubuhi, siku ya bamvua, tukakuta matope matupu na ndege wako mbali huko kwenye ukingo wa maji, vidoa tu. Watoto walikuwa wametoka Kilifi usiku usiku. Niliumia sana, na tangu siku hiyo jedwali la maji ndo kitu cha kwanza nafungua.

Hatua ya 2: Chagua msimu kulingana na ndege unaotaka

Kaskazi na kusi zinaleta wageni tofauti. Kuanzia Agosti-Septemba mpaka Aprili, Mida imejaa chamchanga, vitwitwi na sululu waliotoka Ulaya na Siberia. Hapo pia ndo wakati mzuri wa krabu-plova, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene anaopasulia kaa, ambaye anazalia huko Ghuba na Bahari ya Shamu, anachimba shimo kwenye mchanga na kutaga ndani. Kuna wanaokuja Mida kutoka mbali kwa ajili yake peke yake.

Wakati wa kusi wanakuja wengine kutoka upande wa chini. Mkesha wa ardhini mwenye madoa kifuani anafika msituni kutoka kusini zaidi, kati ya Aprili na Oktoba hivi, anapenda sakafu ya msitu yenye majani makavu, hata pale kwenye magofu ya Gede huonekana. Mdomoni mwa Sabaki wanakuja pratinkoli wa Madagaska.

Mi nikiulizwa nachagua Februari au mwanzo wa Machi. Ni kukavu, barabara za msitu zinapitika, na kadiri Machi inavyosonga chamchanga wengine wanaanza kuvaa rangi nyekundu za kuzalia kabla hawajaondoka. Aprili mvua za masika zinaweza kukufungia njia. Oktoba nayo nzuri, Jumamosi ya pili ya mwezi huo ni siku ya ndege wanaohama duniani, ila usilazimishe tarehe hiyo kama maji hayakubali. Na tafadhali angalia kalenda ya Ramadhani. Sio kwamba haiwezekani, lakini kumtembeza aliyefunga kwenye jua la Mida ni kumuonea.

Hatua ya 3: Wapate waongozaji, ndo utangaze

Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba 420 na ina ndovu. Na nyati. Usiingize kikundi bila mwongozaji mwenyeji, hata kama wewe ni mtaalamu wa ndege wa Nairobi. Waongozaji wa Gede na Mida wengi wamezaliwa vijiji vya hapo hapo, wanajua sauti zote, na wanajua bundi kalala mti gani wiki hii. Wapigie simu wiki sita kabla, taja idadi ya watu na tarehe, kubalianeni bei na saa ya kuanza, tuma malipo ya mwanzo. Kiingilio cha msitu ulizia njia ya kulipa mapema pia, usifike getini na noti mkononi saa kumi na mbili asubuhi ukaambiwa malipo ni kwa mtandao na simu haishiki.

Mida mnalipa kiingilio cha daraja la kuning'inia linalopita juu ya mikoko. Lipa bila kubishana bei jamani. Pesa ile inasaidia karo za watoto wa sekondari wa familia zinazoishi kando ya msitu na hori, mpango ambao A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi la Watamu, wameuendesha miaka mingi.

Hatua ya 4: Hesabu pesa na uzikusanye mapema

Usafiri, waongozaji, viingilio, chakula, malazi, ukumbi, bahshishi, halafu ongeza asilimia 10 ya dharura. Gawanya kwa idadi ndogo ya watu unaoamini watakuja, sio waliosema "mi nipo". Wiki mbili kabla, asiyetuma M-Pesa hana nafasi, na mpe taarifa mapema kwa upole. Kwa wanafunzi tenga nafasi mbili tatu za bure zilipiwe na wakubwa. Watoto wa Gede na Dabaso wanaishi na ndege hawa na wengi hawajawahi kushika darubini.

Hatua ya 5: Andika ratiba

Hii ndo ninayotumia mimi, kwa bamvua:

Ijumaa jioni: kufika, chakula, mazoezi ya darubini, kulala saa tatu.
Jumamosi: saa kumi na moja kuondoka, msitu mpaka saa nne. Mapumziko. Mada mbili kuanzia saa sita kasoro. Chakula, kupumzika. Saa saba na nusu kwenda Mida. Usiku orodha na mada moja fupi.
Jumapili: Sabaki alfajiri, kurudi saa nne na nusu, kufunga orodha, chakula, kwaheri.

Onyo: usijaze mapengo. Ukiona saa moja tupu utatamani kuweka mada nyingine, acha. Watu wameamka saa kumi usiku.

Hatua ya 6: Panga mada chache zenye uzito

Tatu zinatosha, dakika 25 kila moja na maswali. Moja iwe ya kuwaandaa kwa watakachokiona alasiri ile ile: kwa nini ndege wa Siberia anakuja Mida, anakula nini kwenye matope, kwa nini midomo ina urefu tofauti. Wakifika darajani baada ya masaa mawili wataona wenyewe kwamba mwenye mdomo mrefu anachokoa chini na mwenye mfupi anaokota juu juu, na hawatasahau.

Ya pili iwe ya msitu. Hapa kuna habari nzuri ya mnana wa Clarke, ndege wa manjano na mweusi ambaye duniani kote yuko kaunti ya Kilifi tu. Miaka na miaka watu walimuona Arabuko-Sokoke lakini hakuna aliyejua anajenga kiota wapi, mpaka 2013 viota vikapatikana kwenye kinamasi cha Dakatcha, kaskazini ya Sabaki. Yaani msitu ukilindwa halafu Dakatcha ikaisha kwa makaa na mashamba, ndege huyu hana pa kuzalia.

Ya tatu mpe mzee au mama wa hapo aeleze majina ya ndege kwa Kigiriama na yale wanayoyajua kuwahusu, nani anatabiri mvua, nani akilia usiku watu hawatoki. Usiiweke mwisho kama burudani, ipe nafasi sawa na zingine na mlipe kama unavyomlipa mtaalamu. Mara nyingi ndo mada inayoulizwa maswali mengi kuliko zote.

Hatua ya 7: Ijumaa usiku, fundisha darubini

Dakika ishirini tu lakini zinaokoa wikendi nzima. Mwenye miwani akunje vikombe vya macho chini, asiye na miwani avitoe juu. Bana au panua mpaka uone duara moja. Funga jicho la kulia, rekebisha gurudumu la kati mpaka la kushoto lione safi, halafu funga la kushoto, rekebisha pete ya jicho la kulia, baada ya hapo pete hiyo usiiguse tena. Na la mwisho, muhimu kuliko yote: mtazame ndege kwa macho matupu, usiondoe macho kwake, ndo unyanyue darubini uilete machoni. Wanaoanza wanainamia darubini kwanza afu wanaanza kumtafuta ndege kwenye miti, hawampati.

Wafundishe pia kuelekeza kwa saa, yaani mti uchukuliwe kama uso wa saa. "Mti mkubwa wa mbele, saa mbili, tawi lililokauka." Sio "pale pale, huoni pale?"

Hatua ya 8: Jumamosi msituni

Chai na mahamri mbebe, mtakula saa mbili ndani ya msitu. Nguo za rangi tulivu, suruali ndefu ndani ya soksi kwa sababu ya kupe na siafu. Simu zote kimya.

Anzeni na miti ya mrihi, kuna nafasi kati ya mti na mti na mwanga unaingia. Mnaweza kutembea nusu saa bila kitu, halafu ghafla kundi mchanganyiko linapita juu, aina kumi pamoja, na hapo kila mtu asimame alipo. Kipimanjia wa Sokoke yuko chini humo, na juu kabisa kwenye majani yupo chozi wa Amani. Bundi mdogo wa Sokoke anakaa upande mwingine, kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu. Ana urefu wa sentimita 16 hivi, wanasayansi walimuandika mara ya kwanza 1966, na zaidi ya hapa anajulikana sehemu chache sana, kama chini ya milima ya Usambara kule Tanzania. Mwongozaji akimpata mchana amelala, mwende watu wanne wanne, dakika mbili, hakuna flashi, hakuna kuvuta tawi. Mnarudi wengine wanakwenda.

Kumchezea ndege sauti yake kwa simu ili atoke, mi sikubali kwenye kikundi. Anadhani kuna mwenzake kaja kumnyang'anya eneo, anaacha kula, anaacha mayai. Na huyu bundi anatembelewa kila wiki.

Angalieni chini pia, sange mwenye kiuno cha dhahabu anakimbia kwenye majani, pua ndefu, na ukimuona umebahatika.

Hatua ya 9: Mida

Fikeni masaa matatu kabla maji hayajajaa, mkae mpaka kama saa moja kabla. Maji yakijaa kabisa kwenye bamvua matope yanakwisha na ndege wanaruka kwenda kupumzika kwingine. Kofia, maji ya kunywa, viatu vinavyobana mguu kwa wanaoshuka kwenye matope, ndala zitabaki humo. Darajani wachache kwa wakati mmoja, linayumba. Teleskopu iwekwe pasipoyumba na mtu mmoja akae nayo, wengine wanapanga foleni.

Usiwakimbilie ndege wakikaribia. Aliyetoka Siberia anahesabu kila dakika ya kula, mkimrusha mara tano mmemlia chakula chake.

Hatua ya 10: Usiku, orodha

Msomaji mmoja anasoma majina, aliyeona anainua mkono. Ambaye hana uhakika aseme hana uhakika, na msimcheke mtu. Tumieni BirdLasser (programu ya simu) mkipeleka kwa Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, huko nchi imegawanywa miraba ya kama kilomita 9 kwa 9 na orodha kamili inataka angalau masaa mawili ya kutafuta kweli kweli ndani ya mraba. Kwa hivyo msichanganye msitu, Mida na Sabaki kwenye orodha moja, fungua mpya kila mahali.

Hatua ya 11: Sabaki Jumapili

Ni kaskazini ya Malindi kidogo tu. Alfajiri maji yanaanza kutoka, mafungu ya mchanga yanafunuka, membe na shakwe wanajaa, na mara nyingine heroe. Mchukueni mwenyeji wa pale. Kuna viboko mtoni na matope mengine yanazamisha, msifuate njia mnayoiona nzuri kwa macho. Wanaokwenda ibada wawe na usafiri wao wa kurudi mapema, panga hilo Ijumaa, sio asubuhi.

Mambo yakienda kombo

*Mvua alfajiri.* Subirini chini ya paa, msifute safari. Mvua ikikatika ndege wa msituni wanatoka kwa fujo kujikausha na kula. Sogeza mada mbele ikibidi.

*Bundi hayupo.* Waambie watu toka Ijumaa kwamba hana ahadi. Usimsukume mwongozaji aingie ndani zaidi ya vichaka, ndovu wapo.

*Darubini hazitoshi.* Gawa wawili wawili na mbadilishane kila dakika kumi, mmoja anatazama mwingine anaandika. Wanajifunza haraka zaidi, nimeliona hili kwa wanafunzi.

*Picha kwenye darubini ni mbili.* Imeanguka, vioo vimehama. Usimpe mgeni, atapata kichwa kuuma na kudhani ni macho yake.

*Wikendi pekee mliyopata ni ya maji mafu.* Basi maji yatajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa jioni. Jumamosi nendeni msituni kama kawaida, Mida ihamishie Jumapili asubuhi, Sabaki muiache. Ndege watakuwa mbali kidogo kwa hivyo tafuta teleskopu ya pili.

*Wanabishana jina la ndege.* Kila mmoja aandike alichoona kabla ya kufungua kitabu: ukubwa, mdomo, miguu, alikuwa anafanya nini. Kitabu kikifunguliwa mapema kila mtu anaona alichokitamani.

*Wanaongea sana njiani.* Gawa kikundi. Sita hawapigi kelele kama kumi na wawili, na mwongozaji wa mbele muombe asimame kimya dakika tatu kila baada ya muda, wenyewe wataanza kusikia.

*Basi halijafika saa kumi na moja.* Uwe na namba za tuktuk watatu wa Gede au Watamu uliozungumza nao jana yake. Tuktuk moja inabeba watu watatu, mwongozaji aende na wa kwanza, jua halisubiri.